Mabomba ya Majitaka Nayo Yakaguliwe

(Hotuba iliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Kibaha na Kisarawe)



Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12 wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, mijini na vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, na kisha wakashika majembe. Viongozi wa vikundi waliofunzwa kwa ajili ya kazi hiyo walifikia 75,000 hivi. Visima vilisafishwa, madimbwi yakafukiwa, vyoo vikachimbwa. Kampeni ile ilituachia somo moja ambalo halijachuja hata leo: maradhi yanayoletwa na uchafu hayaondolewi na daktari peke yake, bali huondolewa na mwananchi anayeujua uchafu wake, anayejua unakokwenda, na asiyeona haya kuuzungumzia.

Tangu wakati huo nusu karne imepita. Katika miji yetu choo cha kuvuta maji kimechukua nafasi ya choo cha shimo katika nyumba nyingi. Mwenye nyumba huvuta maji, uchafu ukatoweka machoni, naye akaamini kwamba umekwisha. Kumbe haukwisha. Umeanza safari chini ya sakafu, ndani ya bomba ambalo hakuna aliyeliona tangu siku lilipofukiwa. Mwenye choo cha shimo hujua choo chake kiko wapi na kimejaa kiasi gani. Mwenye choo cha kuvuta maji, ambaye mara nyingi ndiye msomi wetu, mwalimu wetu, ofisa wetu, hajui. Hapo ndipo penye kosa linalostahili kusahihishwa.

Kila ndoo iingiayo hutoka

Jambo hili linazihusu Kibaha na Kisarawe kwa namna ya pekee. Wilaya hizi za Mkoa wa Pwani zimepakana na Dar es Salaam, nazo zinakua haraka kwa sababu ya ujirani huo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 128,488 katika Mji wa Kibaha. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta wamepita 265,000. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi watu waliongezeka zaidi ya mara mbili. Kutoka Maili Moja hadi Picha ya Ndege nyumba zimesongamana mahali palipokuwa na mikorosho na vichaka, na kila nyumba ina choo chake, karo lake na shimo lake la kunywea maji.

Lakini Kibaha si mji wa jana. Mwaka 1963 ulianza hapo mradi mkubwa ulioendeshwa na nchi za Kaskazini ya Ulaya kwa kushirikiana na Tanganyika, ukiwa na shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa Serikali yetu, nao ndio Shirika la Elimu Kibaha linalojulikana nchi nzima. Kisarawe nayo ni makao ya wilaya ya tangu zamani, na Minaki jirani yake imekuwa mahali pa elimu tangu miaka ya 1920. Katika miji yenye historia ya namna hiyo zimo nyumba za watumishi, mabweni na majengo ya ofisi ya vizazi mbalimbali. Bomba lililofukiwa katika miaka ya 1960, kama bado liko pale pale, sasa lina umri wa miaka 60. Mtumishi wa umri huo hustaafu kwa mujibu wa sheria. Bomba halina barua ya kustaafu. Huendelea na kazi mpaka linapoanguka.

Aidha, mambo ya maji yamebadilika. Mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi, ambao zamani ulizalisha lita milioni 82 kwa siku, umepanuliwa hadi kufikia lita milioni 196. Kisarawe, ambayo kwa miaka mingi iliona kiu juu ya vilima vyake vya Pugu ilhali maji ya jiji hayakuwa mbali, ilifikiwa na mradi wa maji kutoka Kibamba mwaka 2020. Hayo ni mafanikio ambayo kila mwananchi anayafurahia. Hata hivyo, wahandisi hukadiria kwamba asilimia 80 hivi ya maji yaingiayo nyumbani hutoka tena yakiwa majitaka. Nyumba iliyozoea kutumia ndoo nne kwa siku, ikipata bomba la uani na bafu la ndani, itatumia maji mara kadhaa ya hayo. Karo lililochimbwa kwa ajili ya ndoo nne litafurika, na bomba lililochoka litapasuka. Yaani furaha ya maji safi yaweza kuzaa huzuni ya majitaka endapo hesabu itafanywa upande mmoja tu.

Wala madhara hayabaki Kisarawe. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukashuka kupitia Vingunguti na Jangwani hadi baharini karibu na Daraja la Salenda. Kinachovuja kwenye mteremko wa vilima hivyo kina njia ya kufika kwa jirani aliye bondeni. Mkazi wa Jangwani hajui jina la mwenye karo lililovunjika kilimani, lakini mtoto wake anachezea maji yale yale.

Jinsi bomba linavyozeeka

Bomba huzeeka kwa sababu zinazojulikana. Mabomba ya zamani yalikuwa ya udongo wa kuchoma, ya saruji, ya saruji iliyochanganywa na asbesto, au ya chuma. Yalikuwa mafupi, yakaunganishwa kwa viungo vingi, na kila kiungo kilizibwa kwa saruji. Saruji hiyo hukauka, ikapasuka, na unyevu ukaanza kutoka kidogo kidogo. Mizizi ya miti hufuata unyevu. Mwembe au mwarobaini uliopandwa kwa ajili ya kivuli hutuma uzi mwembamba kama unywele ndani ya ufa, na baada ya miaka michache uzi huo umekuwa fundo linalokamata kila kipitacho.

Hali kadhalika, majitaka yakikaa bila hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo hupanda juu ya bomba, na kwa kazi ya vijidudu hugeuka kuwa tindikali kali inayokula saruji na chuma. Ndiyo maana bomba la saruji huliwa kwanza dari lake, wakati sakafu yake bado nzima. Mtu akilitazama kutoka mdomoni huliona zima. Kumbe juu limebaki ganda.

Udongo nao una neno lake. Vilima vya Pugu vinajulikana kwa udongo mweupe wa kaolini. Udongo wa mfinyanzi haunywi maji upesi, kwa hiyo shimo la kunywea maji lililochimbwa ndani yake hujaa mapema, na maji hurudi nyuma kwenye karo na hatimaye kwenye bomba. Upo pia mfinyanzi unaovimba masika na kunywea kiangazi, na bomba lililolala juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka kiungo kikaachia. Mchanga una tabia ya kinyume. Hunywa haraka, lakini hautunzi siri. Kilichovuja leo hupita upesi kuelekea maji ya chini, ambako jirani amechimba kisima chake.

Mabomba ya plastiki yaliyotumika baadaye hayaliwi na tindikali kwa urahisi, lakini nayo yana adui wake, naye ni fundi mwenye haraka. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka kama sentimita 2.5 katika kila mita moja. Likilazwa bila kipimo, juu ya kifusi kisichoshindiliwa, huzama katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Maji hutuama hapo, uchafu ukalala, na kuziba kukawa desturi ya nyumba ile.

Funzo la mtaa mmoja wa London

Wapo watakaosema kwamba bomba la nyumba moja ni jambo dogo, halistahili kujadiliwa mbele ya watu wazima. Historia inawajibu. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Broad Street mjini London, na watu zaidi ya 600 wakafa. Daktari John Snow alichora vifo hivyo kwenye ramani, akaona kwamba vimeizunguka pampu moja ya maji. Mpini wa pampu ukaondolewa. Hadi hapo kisa hiki hufundishwa katika shule nyingi.

Sehemu ya pili ya kisa husahaulika. Kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakumwamini daktari, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali. Akagundua kwamba katika nyumba Namba 40, iliyokuwa kando ya pampu, mtoto mchanga aliugua kuhara kabla ya watu wengine kuanza kufa, na maji yaliyofulia nguo zake yalimwagwa katika shimo la majitaka la nyumba hiyo. Mwaka 1855 mpimaji aitwaye York alifukua ili kutazama. Alikuta matofali ya mfereji na ya shimo yameoza, na udongo kati ya shimo na kisima umelowa uchafu. Umbali kati ya viwili hivyo haukufika mita moja.

Hiyo ndiyo maana ya bomba bovu la nyumba moja. Mtaa mzima uliangamia kwa sababu ya tofali lililooza mahali pasipotazamwa. Na jambo lililomaliza ubishi lilikuwa mtu aliyeamua kufukua na kutazama kwa macho yake.

Nchi yetu nayo inakijua kipindupindu. Kiliingia katika miaka ya 1970, na mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi na kuwaugua­za maelfu ya watu. Kila mlipuko unapokwisha watu hurudia mazoea, kana kwamba adui ameaga na kuondoka moja kwa moja.

Jicho liingialo ardhini

Zamani kulikuwa na njia moja tu ya kulijua bomba lililofukiwa, nayo ni kufukua. Leo ipo njia nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Ulaya walianza kupitisha kamera ndani ya mabomba makubwa ya miji. Mashine zile zilikuwa nzito, zikahitaji gari zima. Miaka ilivyokwenda zimepungua uzito na ukubwa, hata sasa fundi mmoja aweza kubeba begani mashine inayotosha kukagua nyumba.

Mashine hiyo haina miujiza. Kamera ndogo, ambayo kichwa chake kwa kawaida ni cha sentimita mbili hadi nne, hufungwa kwenye ncha ya ufito wa fibaglasi unaopindika bila kukatika. Ufito huo huviringishwa kwenye gurudumu, na urefu wake mara nyingi ni kati ya mita 20 na 60. Kamera imezungukwa na taa ndogo. Fundi huisukuma kupitia chemba, na picha ya bomba huonekana kwenye kioo alicho nacho mkononi, pamoja na hesabu ya mita zilizokwisha kupitwa. Mashine nyingi zina kifaa kinachotoa mawimbi kutoka kichwani mwa kamera. Fundi mwenzake hutembea juu ya ardhi na kipokezi, na pale mawimbi yanapozidi nguvu huweka alama ya chaki. Ubovu uko chini ya alama hiyo.

Chukua mfano wa mwalimu aliyepewa nyumba ya zamani ya shule. Choo chake kinaziba kila baada ya majuma mawili. Fundi wa kwanza anaingiza waya, maji yanapita, analipwa, anaondoka. Fundi wa pili anasema karo limejaa. Gari la kunyonya majitaka linaitwa, na mwezi unaofuata choo kinaziba tena. Fundi wa tatu anavunja sakafu ya bafu, hakuti kitu. Wa nne anavunja ukumbi. Mwalimu amekwisha kutumia fedha za karo ya shule ya mwanawe, sakafu imejaa viraka, na ubovu uko palepale, mita 9 kutoka chemba ya kwanza, chini ya mwembe. Kamera ingeuona kwa muda mfupi. Shimo moja lingechimbwa, kipande kimoja cha bomba kikabadilishwa, na mzizi ukakatwa.

Katika hospitali zetu daktari hampasui mgonjwa tumbo kwa kubahatisha. Hupiga picha kwanza. Iweje basi nyumba ipasuliwe mara nne kwa kubahatisha?

Kamera haiponyi

Hata hivyo, ni lazima mambo yasemwe kwa ukweli. Kamera hutazama, haiponyi. Haioni kitu ndani ya bomba lililojaa maji machafu, kwa hiyo bomba lazima lizibuliwe na kuoshwa kwanza. Haioni nje ya bomba, hivyo haiwezi kusema uchafu umesambaa umbali gani udongoni. Haipimi uimara wa karo wala ya shimo la kunywea maji. Mwenye kununua kamera akiamini kwamba amenunua dawa, amejidanganya.

Tena, chombo chochote chaweza kuwa cha ulaghai mikononi mwa mlaghai. Mtu asiyejua mabomba akioneshwa ufa mdogo katika kioo kinachong'aa hutishika, akakubali kubadilisha bomba zima wakati kipande kimoja kingetosha. Kinga yake ni rahisi. Mwenye nyumba asimame karibu na fundi wakati wa ukaguzi. Aoneshwe picha, aelezwe ni mita ya ngapi, na apewe nakala. Mizizi hukatwa na kiungo kuzibwa. Mafuta yaliyoganda huoshwa. Bomba lililozama hulazwa upya kwa kipimo. Bomba lililoliwa dari hubadilishwa. Kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ya mmoja si ya mwingine.

Lipo pia kosa lililowahi kutugharimu mara nyingi katika nchi zinazoendelea, nalo ni kununua mashine na kuifungia kabatini. Mashine bila fundi, bila vipuri na bila ratiba ya kazi ni pambo. Kama shule hii itanunua kamera yake, na hospitali ile yake, na halmashauri yake, baada ya miaka mitatu zitakuwa kamera tatu mbovu. Busara ni kamera moja inayozunguka, chini ya mtu mmoja anayewajibika, ikikagua majengo ya taasisi zote kwa zamu. Chuo cha ufundi stadi kilichopo mkoani chaweza kuwa mahali pa kuwafunza vijana kazi hiyo. Fundi bomba kijana anayejua kuisoma picha na kuandika taarifa ni hazina kubwa kuliko mashine yenyewe.

Na ukweli mkubwa kuliko wote ni huu: katika vijiji vya Kisarawe na Kibaha familia nyingi hazina bomba la majitaka hata kidogo. Wana choo cha shimo. Kwao kamera haina kazi. Kwao kinachotakiwa bado ni shimo lenye sakafu imara na mfuniko, lililo mbali na kisima kwa mita 30 angalau, na ambalo halifiki kwenye maji ya ardhini. Mtu asije akatumia habari za kamera kuwasahau wananchi hao. Wajibu kwao unabaki ulivyokuwa mwaka 1973.

Njia za mwenye uwezo mdogo

Kabla ya kamera kufika, na hata pale isipofika, zipo njia ambazo mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuzitumia.

Ya kwanza ni kioo na tochi. Chemba mbili zilizonyooka hufunguliwa. Tochi humulikwa katika moja, na kioo cha mkononi hushikwa katika nyingine. Bomba zima lililonyooka huonesha duara kamili la mwanga. Likiwa limezama au limezibwa, mwanga huonekana nusu au hauonekani kabisa.

Ya pili ni maji. Mwisho wa bomba huzibwa kwa kizibo ndani ya chemba ya chini, kisha bomba hujazwa maji, na alama huwekwa katika chemba ya juu. Watu husubiri nusu saa. Maji yakishuka bila kuonekana yalikokwenda, bomba linavuja.

Ya tatu ni rangi isiyo na sumu. Humiminwa chooni na kufuatwa na maji mengi, kisha watu hutazama ni wapi inatokea: kwenye karo inakotakiwa, au kwenye mtaro wa barabara, au bondeni.

Ya nne ni karo lenyewe. Tope lililotuama chini likifikia theluthi moja ya kina, wakati wa kulinyonya umefika. Kulisubiri lifurike si kubana matumizi. Ni kuhamisha gharama kutoka mfukoni kwenda hospitalini. Na wale wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe makaro yao kwenye mitaro wajue kwamba wanawalisha jirani zao kinyesi. Jambo hilo halina jina jingine.

Onyo moja litiliwe mkazo katika kazi hizi zote. Mtu asiingie ndani ya karo wala chemba yenye kina, hata kwa dakika moja, hata kama ni kuokota chombo kilichoanguka. Gesi ya humo ni nzito kuliko hewa, hulala chini, na ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Aliyeingia huanguka kimya. Anayemfuata ili kumwokoa huanguka juu yake. Na wanafunzi washike tochi na daftari tu, huku mifuniko ikifunguliwa na watu wazima.

Nyumba isiyo na mwenyewe

Linabaki swali la wajibu, na hili linawahusu wasikilizaji moja kwa moja. Nyumba ya mtu binafsi ikivuja, mwenyewe huona uchungu. Nyumba ya umma ikivuja, kila mmoja humtazama mwenzake. Mtumishi aliyemo husema atahamishwa karibuni. Mkuu wake husema fungu halijafika. Faili hupokea barua, barua hupokea muhuri, na bomba huendelea kuvuja. Wakati wa kukabidhiana nyumba huhesabiwa vitanda, viti, taa na vitasa, lakini hakuna anayeuliza chemba ziko wapi, karo lilinyonywa lini, au bomba linapita chini ya chumba gani. Aliyeyajua amestaafu, na ujuzi wake ameondoka nao.

Kwa hiyo yapo mambo matano yanayoweza kuanza bila kungoja mwaka mwingine wa fedha. Kwanza, kila jengo la umma liwe na mchoro wa mabomba yake ya majitaka, hata uchorwe kwa kalamu ya risasi na mwanafunzi wa kidato cha pili. Pili, mchoro huo na tarehe ya mwisho ya kunyonya karo viingizwe katika hati ya makabidhiano ya nyumba. Tatu, kila jengo lipimwe kwa kioo, maji au rangi angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya masika. Nne, majengo yatakayoonekana na dosari, pamoja na yale yaliyopita umri wa miaka 30, yapewe nafasi ya kwanza ya kukaguliwa kwa kamera ya pamoja, na picha zihifadhiwe ili ukaguzi ujao uweze kulinganishwa. Tano, maofisa afya waingie katika nyumba za maofisa kama wanavyoingia katika vibanda vya mama lishe. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 haikuandikwa kwa ajili ya wauza chakula peke yao.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo zito kuliko kazi iliyofanywa na wazee wetu mwaka 1973 kwa redio na jembe. Kizazi kile hakikuwa na kamera, hakikuwa na magari ya kunyonya majitaka, na wengi wao hawakujua kusoma. Lakini walikubali kukaa chini ya mwembe na kuzungumza habari za choo bila kucheka na bila kuona aibu. Aibu ndiyo iliyorudi kwetu pamoja na marumaru na vyoo vya kuvuta maji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha bomba bovu chini ya sakafu inayong'aa ni ndugu yake huyo.

Masika hayako mbali, na maji yake hayatauliza karo ni la nani. Kila mwalimu na kila mtumishi, akirudi nyumbani leo jioni, na azunguke nyumba anayoishi, azitafute chemba zake, awaombe wenzake wamsaidie kuinua mfuniko, na atazame. Ukaguzi wa nchi nzima huanza na mfuniko mmoja.